Kwa nini baadhi ya klabu zinaendeshwa vibaya miaka nenda rudi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa vijiweni, kwenye daladala za kurudi kutoka uwanjani na kwenye mikutano ya wanachama. Nimeyajibu kwa kutumia klabu za mpira wa miguu tunazozijua wenyewe, Simba na Yanga za Tanzania, AFC Leopards na Gor Mahia za Kenya, na TP Mazembe ya Kongo, kwa sababu historia zao ziko wazi na zinatuuma. Mahali pamoja nimevuka bahari.

Tukisema klabu inaendeshwa vibaya, tuna maana inafungwa?

Hapana. Kufungwa ni sehemu ya mpira. Klabu inayoendeshwa vibaya utaijua ukiingia ofisini: mishahara haina tarehe, mchezaji hana nakala ya mkataba wake, mkutano mkuu unafanyika bila hesabu kusomwa, na katibu mpya akikabidhiwa ofisi anakuta funguo na kabati tupu.

Tena timu inaweza kubeba makombe katika hali hiyohiyo. Kuanzia msimu wa 2012/13 hadi 2016/17, Yanga ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara mara nne katika misimu mitano. Msimu wa 2018/19 klabu hiyohiyo ilikuwa inapitisha bakuli kwa mashabiki. Ubovu ulikuwepo muda wote, ila ulifunikwa na ushindi.

Viongozi wamebadilika mara nyingi. Mbona ubovu ni uleule?

Hili ndilo swali lenyewe, na jibu langu ni moja: anayeamua hapotezi chochote timu ikianguka.

Fikiria duka la Mangi mtaani kwenu. Nyanya zikioza, hasara ni yake, kwa hiyo kila asubuhi anazipangua moja moja. Sasa mtazame mwenyekiti wa klabu ya wanachama. Kachaguliwa kwa miaka michache. Hana hisa, na nyumba yake haijawekwa rehani. Akisajili mshambuliaji kwa mkataba wa miaka mitatu, yeye mwenyewe kabakiza mwaka mmoja madarakani. Deni likiiva, atakayeulizwa ni mwingine. Lakini siku ya usajili picha ni yake, na watu waliojaa uwanja wa ndege wanaimba jina lake.

Ndiyo maana hosteli ya vijana haijengwi. Hosteli haina shangwe, inachukua miaka, na matunda yake yatachumwa na mtu atakayemshinda kwenye uchaguzi ujao. Wala huhitaji kiongozi mwovu ili hili litokee. Mweke mtu mwema kwenye kiti hicho, mpe presha ya mashabiki na mechi ya watani ya wiki ijayo, naye atanunua mshambuliaji.

Ongeza fitina. Kundi lililoshindwa uchaguzi haliendi nyumbani, linakaa pembeni likisubiri timu ifungwe. Wazee wanakumbuka mgawanyiko wa katikati ya miaka ya 1970 ndani ya Yanga uliozaa Pan African, timu iliyokuja kuchukua ubingwa mwaka 1982. Wa rika langu tunakumbuka Yanga Asili na Yanga Kampuni, makundi mawili yaliyogombea klabu moja. Kila upande ulikuwa na wazee wake, na kila upande uliamini klabu ni yake. Katika hali hiyo kiongozi anatumia nguvu zake nyingi kulinda kiti, na timu inapata kinachobaki.

Kwa nini mashabiki wasisuse tu?

Kwa sababu hawawezi, na ndio uzuri wao. Mtu aliyerithi Yanga kwa babu yake hahamii Simba kwa kuwa hesabu hazijakaguliwa. Ukichoshwa na sabuni unanunua nyingine, lakini klabu hainunuliki nyingine. Atakasirika, atazima redio, atasema hatarudi uwanjani, halafu siku ya derby utamkuta kwenye foleni.

Viongozi wanalijua hilo. Mapenzi yasiyo na masharti ndiyo yanayoibakiza klabu hai, na ndiyo yanayompa kiongozi mzembe mahali pa kujificha. Hata wakati wa bakuli, Wananchi, yaani watu wa Yanga, walichanga. Kocha Mwinyi Zahera alikuwa anafundisha timu na papo hapo anawahimiza watu watoe. Yanga ile, yenye wachezaji waliodai mishahara, ilimaliza ligi nafasi ya pili. Nawavulia kofia wachezaji wale. Lakini kuchanga kule kulitupunguzia sote ulazima wa kuuliza ilikuwaje tukafika pale.

Pesa zinapotelea wapi hasa?

Watu wanafikiri kuna mtu mmoja mwenye begi. Nitasema nilichokiona.

Kwa misimu miwili nilijitolea kusaidia hesabu za klabu moja ya mkoani, ambayo sitaitaja. Siku moja timu kubwa ya Dar es Salaam ilikuja na uwanja ukajaa. Baada ya mechi tulikaa chumba cha nyuma ya jukwaa, watu saba, meza moja ya mbao, tukimulikiwa na tochi za simu kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Pesa zilikuwa kwenye kiroba. Zilihesabiwa mara mbili, mezani, kwa mafungu. Kisha, kabla sijafungua daftari, zikaanza kutoka: ya walinzi, ya wauza tiketi, ya wazee, ya dizeli, na fungu moja nene lililoitwa "ya kamati ya ufundi". Nikauliza kamati hiyo ina akina nani. Nikajibiwa kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, hizo haziandikwi."

Anayefuatilia mpira wetu anajua maana yake. Ni pesa ya waganga, na ya mambo ya usiku wa kuamkia mechi. Nilichokiandika kwenye daftari siku ile ni kile kilichobaki baada ya mikono yote kupita.

Nje ya mlango alikuwa amesimama beki wetu wa kushoto, kijana kutoka Burundi, bado ana soksi za mechi miguuni. Mkewe alikuwa karibu kujifungua, naye alitaka chochote cha kumtumia. Alipewa elfu ishirini. Alikuwa anadai mishahara ya miezi mitatu.

Sikumwona mtu akiiba usiku ule. Kila aliyechukua alikuwa na sababu, na sababu nyingine zilikuwa za kweli. Pesa isiyoandikwa inaisha yenyewe. Kwa hiyo mimi ni shabiki mkubwa wa tiketi za kielektroniki na wa pesa za televisheni, kama ule mkataba wa Azam Media wa mwaka 2021 wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi. Pesa inayopita benki ina tarehe na ina jina la aliyeipokea.

Tajiri akijitokeza, si mambo yanaisha?

Yanaisha kwa muda wa huyo tajiri. Marehemu Yusuf Manji aliichukua Yanga mwaka 2012, na yale makombe manne niliyoyataja juu ni ya enzi yake. Alijiuzulu mwaka 2017, na ndani ya msimu mmoja klabu ikawa haina cha kulipia. Simba ikachukua ubingwa mara nne mfululizo.

Sisemi hivi kumlaumu. Alitoa pesa zake na wanachama tulizipokea. Kosa lilikuwa letu, kwa kuwa wakati pesa zake zinaingia hatukujenga kitu cha kuingiza pesa bila yeye. Mfadhili anatoa akipenda, kwa hiyo anaweza kuacha akipenda. Mdhamini ana mkataba, na mapato ya klabu ni ya klabu. Ukivichanganya hivyo vitatu, ipo siku utapitisha bakuli.

Ilikuwaje AFC Leopards ikashuka namna ile?

Mimi ni Mtanzania, lakini Ingwe inaniuma kama timu ya nyumbani. Ilianzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, ikabadilisha jina mwaka 1980. Ni klabu aliyoichezea Joe Kadenge, yule wa "Kadenge na mpira" redioni. Ilichukua Kombe la Klabu Bingwa Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo: 1982, 1983 na 1984. Wakati huo timu yoyote ya kwetu iliyopangiwa Leopards ilikwenda Nairobi kwa hofu.

Ubingwa wake wa mwisho wa ligi ya Kenya ni wa mwaka 1998. Baada ya hapo imepata makombe ya mtoano ya 2001, 2009, 2013 na 2017, na basi.

Zamani wachezaji walikuwa na ajira zao pembeni, na klabu iliweza kuishi kwa viingilio, michango na umoja wa jamii ya Waluhya. Mpira ulipogeuka kazi ya mshahara wa kila mwezi, muundo ukabaki wa chama cha ustawi: uchaguzi, makundi, michango ya harambee. Ukitaka kuajiri watu 40 na kuwalipa kila tarehe 30, harambee haitoshi. Kilichokuja kuliziba pengo hilo kwa muda ni udhamini wa kampuni za kubashiri matokeo. SportPesa ilipojitoa mwaka 2019 baada ya mgogoro wa leseni na serikali ya Kenya, Leopards na Gor Mahia wakajikuta pamoja kwenye shimo.

Mwaka 2021 FIFA ikaifungia Leopards kusajili, kwa sababu ya madai ya kocha na wachezaji wa kigeni walioondoka bila kulipwa. Ndipo utaona gharama halisi ya uzembe. Kumkatisha kocha mkataba ni dakika tano za hasira kwenye kikao. Deni lake linakaa miaka, linaongezeka, na mwisho linamzuia kocha mwingine, asiye na hatia, kusajili hata kipa.

Gor Mahia nao wasicheke. Waliochukua Kombe la Washindi Afrika mwaka 1987 walikaa bila ubingwa wa ligi kutoka 1995 hadi 2013.

Kwa nini kocha anafukuzwa kila msimu?

Kwa sababu ndiye pekee anayeweza kufukuzwa bila kuitisha mkutano mkuu.

Uwanja una umuhimu gani? Si kuna wa serikali?

Upo, na tunaushukuru. Lakini angalia kilichotokea Mei 2025. Simba, klabu iliyozaliwa mwaka 1936, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Ilifungwa 2-0 ugenini, ikawa inahitaji kila sauti ya nyumbani kwa marudiano. CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ikaukataa Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam kwa sababu ya hali ya nyasi. Mechi ikapelekwa Amaan, Zanzibar. Mkapa unachukua watu 60,000, Amaan robo yake tu. Ikaisha 1-1 na kombe likaenda Berkane.

Zanzibar walitupokea vizuri na ni nyumbani pia. Ninachouliza ni kwamba klabu yenye karibu miaka 90, yenye mamilioni ya wapenzi, inawezaje siku kubwa kuliko zote katika maisha yake ikategemea nyasi inazokatiwa na mtu mwingine? Yanga nao wana makao Jangwani na Uwanja wa Kaunda, eneo ambalo kila Mdarisalama anajua mvua za masika huligeuza kuwa bwawa. Ahadi za uwanja nimezisikia tangu nikiwa shule ya msingi.

Mbona wachezaji wetu wanawanufaisha wengine?

Mbwana Samatta alitoka Simba kwenda TP Mazembe mwaka 2011. Akiwa Lubumbashi alitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2015 na kutajwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Kutoka hapo akaenda Genk ya Ubelgiji mwaka 2016, na Aston Villa ya England mwaka 2020. Kipaji kilikuwa kilekile tangu Mbagala. Aliyekitunza hadi kikakomaa ndiye aliyevuna.

Emmanuel Okwi, mshambuliaji kutoka Uganda, ni somo la upande wa pili. Simba ilimuuza Étoile du Sahel ya Tunisia mwaka 2013 kwa dola 300,000, na pesa hazikuja. Ikabidi kuifuatilia kesi hadi FIFA. Bei nzuri bila dhamana ya malipo ni karatasi tu.

Mfumo wa hisa ndio dawa?

Ni nusu ya dawa. Simba ilianza mwaka 2017, wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji Mohammed Dewji achukue 49 kwa shilingi bilioni 20. Uwanjani matunda yalionekana mapema. Nyuma ya pazia mchakato ulivutana kwa miaka mingi juu ya nani kaweka nini, lini, na bodi inamjibu nani.

Yanga walibadilisha katiba mwaka 2021, wakaajiri watendaji, na mwaka uliofuata wakamchagua Injinia Hersi Said kuwa rais. Mwaka 2023 walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na USM Alger: walifungwa 2-1 Dar es Salaam, wakashinda 1-0 kulekule Algiers, jumla ikawa 2-2, wakakosa kombe kwa kanuni ya goli la ugenini, kwa kuwa wenzao walifunga mengi zaidi ugenini. Miaka minne kabla timu hii ilikuwa inaomba nauli.

Ninachokiona ni kwamba hisa peke yake haikutenda hayo. Yalitendwa na watu wa ofisini wenye kazi zinazoeleweka, na meneja anayeweza kusema "hapana" kwa mjumbe wa kamati anayeleta mchezaji wake. Ukiwa na hisa na bado wajumbe wanaleta wachezaji wao, umebadilisha kibao cha mlangoni.

Na msidhani mwekezaji hana hatari zake. Yeye akiwa ndiye mkopeshaji, mdhamini na mwenyekiti kwa pamoja, mwanachama hana tena wa kumuuliza. Bado nalitafakari hili, na sina raha nalo.

Kuna klabu iliyotoka kwenye shimo kabisa?

TP Mazembe. Mabingwa wa Afrika 1967 na 1968, kisha miongo ya giza. Moïse Katumbi aliishika mwaka 1997. Kombe halikuja kesho yake. Lilikuja mwaka 2009, halafu 2010, mwaka ambao pia waliitoa Internacional ya Brazil 2-0 na kucheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia na Inter Milan. Halafu 2015. Katikati wakajenga uwanja wao wenyewe Kamalondo. Miaka 12 tangu kushika usukani hadi kombe la kwanza la Afrika: ni mwenyekiti gani wa kwetu angepewa miaka 12? Bado Mazembe inamtegemea mtu mmoja mno, lakini uwanja hauondoki na mtu.

Kwa hapa nyumbani kuna Azam, iliyoanza mwaka 2004 na kuchukua ubingwa wa 2013/14 bila kufungwa, ikiwa na uwanja wake Chamazi. Inakosa mashabiki wengi. Simba na Yanga zinao, zikakosa Chamazi.

Au haya ni matatizo ya Afrika tu?

Hata kidogo. Nenda Marekani, kwenye mpira wao wa kukimbiza kwa mikono. Detroit Lions, iliyo chini ya familia ya Ford tangu miaka ya 1960, ilishinda mechi moja tu ya mtoano kati ya ubingwa wa 1957 na Januari 2024. Moja. Mwaka 2008 ilipoteza mechi zote 16 za msimu.

Pesa wanazo, wanasheria wanao, hesabu zinakaguliwa. Ila ligi yao haina kushuka daraja, na pesa za televisheni ya taifa zinagawanywa sawa kwa timu zote 32. Kwa hiyo mwenye timu akishika mkia anaamka tajiri vilevile. Kule ni mmiliki asiyeweza kupata hasara, kwetu ni kiongozi asiye na cha kupoteza. Milango ni tofauti, chumba ni kimoja. Lions walipobadilika ni baada ya mwaka 2021, meneja na kocha wapya walipopewa muda wa kujenga kwa vijana, hata baada ya msimu wa kwanza wa ushindi wa mechi tatu tu.

Wanasiasa je?

Klabu yenye watu ni jukwaa, na mwanasiasa anataka jukwaa. Anakuja na ahadi ya basi. Basi lipokeeni, ila kadi ya gari iandikwe jina la klabu.

Mimi ni mwanachama wa kawaida wa tawi. Nianzie wapi?

Lipa ada yako mwenyewe. Kadi aliyokulipia mgombea ni kura yake, si yako. Nimeona kadi zikija kwa mafungu wiki mbili kabla ya uchaguzi, wengine hata majina yao yamekosewa na hawajali.

Omba katiba, uisome kipengele cha mkutano mkuu na cha ukaguzi wa hesabu. Ni kurasa chache. Kisha nenda mkutanoni na swali moja, lisilo la kocha wala la usajili.

Katika ile klabu yetu ya mkoani kulikuwa na mzee fundi cherehani, mwanachama tangu ujana wake. Mwaka mmoja alisimama akauliza, "Mheshimiwa mwenyekiti, klabu inadaiwa shilingi ngapi?" Ukumbi ukamzomea, watu walitaka kusikia habari za mshambuliaji mpya. Mzee hakukaa. Alibaki amesimama, kofia mkononi, hadi mwenyekiti akasema kwamba kwa kweli hajui. Ikaundwa kamati ya watu watatu, nami nikiwemo. Ilituchukua miezi mitano kupita kwa wenye hoteli, wenye mabasi, duka la dawa na wachezaji walioondoka, tukiandika kila deni kwenye karatasi moja. Mwaka uliofuata swali la mzee lilikuwa limechapwa kwenye ajenda, namba tatu, kabla ya mengineyo.